Kujifunza kwa uzoefu: maswali tunayoulizwa mara kwa mara na wazazi, mafundi na wanagenzi

Nimekaa kwenye cherehani miaka 26, na kwa miaka 18 kati ya hiyo nimekuwa nikipokea wanagenzi hapa Dar es Salaam. Maswali haya nimeulizwa na mama aliyemleta binti yake, na fundi mwenzangu aliyekata tamaa na kijana wake, na wanagenzi wenyewe jioni tunapofagia vipande. Nayajibu kwa ninayoyaona mezani pangu na kwa niliyoyasoma kutoka kwa watu walioyachunguza kwa makini.

Walianza siku moja, kwa fundi mmoja. Mbona mmoja ameshika kazi na mwenzake bado?

Kwa sababu tukio lilikuwa moja, lakini kila mtu aliondoka na somo lake.

Nitoe mfano. Wanagenzi wangu wawili walikata magauni ya kitenge, kila mmoja la kwake. Wote walikosea vilevile: walikunja kitambaa, wakakata mbele na nyuma kwa mkupuo mmoja, na maua ya nyuma yakatoka kichwa chini. Hasara ilikuwa ileile, na maneno niliyowaambia yalikuwa yaleyale. Jioni nikamwita kila mmoja peke yake, nikamuuliza: "Kesho ukipewa kitenge kingine utafanyaje?" Wa kwanza akasema, "Mwalimu, vitenge nitaviacha kwanza mpaka nizoee." Wa pili akasema, "Kabla sijakunja nitatazama ua linaelekea wapi."

Yule wa kwanza hakuwa mvivu, wala kichwa chake hakikuwa kizito. Alichukua somo pana kupita kiasi, somo lisiloweza kuuambia mkono wake ufanye nini kesho yake. Isitoshe lilimwondoa kwenye kazi ambayo ingemfundisha. Nilichukua gazeti, nikachora mishale yote ikitazama juu, nikampa alikunje alivyokunja kile kitambaa kisha akate. Alipofunua akaona mishale ya upande wa pili inatazama chini. Akacheka mwenyewe. Siku hiyo ndipo alipojifunza kutokana na kosa alilolifanya siku tatu nyuma.

David Kolb, msomi wa Marekani, aliandika mwaka 1984 kwamba kujifunza kwa uzoefu huzunguka: mtu hutenda, hutafakari alichokitenda, hupata kanuni, kisha huijaribu kanuni hiyo kwenye kazi inayofuata. Ninavyoona mimi, wengi hukwama katikati ya hatua ya kwanza na ya pili. Nguo imeharibika, amesikitika, amepewa nyingine. Muda wa kukaa na ile iliyoharibika hakuupata.

Nimesikia kuna watu wa kujifunza kwa macho, wengine kwa masikio, wengine kwa vitendo. Mwanangu ni wa kundi lipi?

Usimtafutie kundi. Ni kweli kila mtu ana njia anayoipenda zaidi. Ila dai kwamba ukimfundisha mtu kwa njia hiyo atashika zaidi ya akifundishwa kwa nyingine halijathibitika. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na Robert Bjork wakiwa miongoni mwao, walipitia tafiti zilizokuwepo na hawakuona ushahidi wa kutosha wa kuliunga mkono.

Mezani jambo hili liko wazi. Mvutano wa uzi unausikia kwa mlio wa cherehani, unauona kwa mshono unaojikunja, unauhisi kitambaa kikipita chini ya vidole. Anayetaka ufundi atavitumia vyote. Linaloniumiza ni kijana kubandikwa jina mapema, "huyu ni wa vitendo tu," kisha asipewe daftari, asielezwe sababu ya jambo lolote, na mwisho akubali kwamba kichwa chake si cha kufikiri. Nimewapokea kadhaa wa namna hiyo. Huchukua muda mrefu kuamini kwamba wanaweza kuandika vipimo vyao wenyewe.

Lakini makosa si ndiyo mwalimu bora?

Lugha yetu yenyewe ina pande mbili hapa. Kuna "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," na kuna "Mtoto akililia wembe, mpe." Methali ya kwanza inataka ujifunze kwa aliyetangulia. Ya pili inasema acha ajikate. Wazee hawakuamua moja, na nadhani walikuwa na sababu.

Upo utafiti ninaoupenda sana kuhusu madaktari wa upasuaji wa moyo, uliochapishwa mwaka 2013 na Diwas KC, Bradley Staats na Francesca Gino. Walifuatilia kumbukumbu za miaka 10 za madaktari 71 waliokuwa wakijifunza njia mpya ya upasuaji, jumla ya operesheni zaidi ya 6,500. Walichokikuta kinashangaza: daktari alijifunza zaidi kutokana na mafanikio yake mwenyewe kuliko kutokana na makosa yake mwenyewe. Kwa wenzake ikawa kinyume, alijifunza zaidi kutokana na makosa yao kuliko mafanikio yao.

Sikuhitaji kwenda hospitali kuuelewa. Nguo yangu ikirudishwa, moyo unatafuta pa kutupa lawama: umeme ulikatika, kitambaa kilikuwa cha bei rahisi, mteja amenenepa tangu nimpime. Nguo ya mwenzangu ikirudishwa nina utulivu, naona mara moja kwamba kwapa limekatwa juu mno. Kosa ni lilelile. Kinachotofautiana ni kwamba la kwangu linanichoma, na mtu anayechomeka hawezi kutazama vizuri.

Watafiti haohao waliona pia kwamba mafanikio ya nyuma ya daktari, pamoja na makosa ya wenzake, yalimsaidia kujifunza hata kutokana na makosa yake. Kwa hiyo Jumamosi tunaweka nguo moja iliyorudishwa juu ya meza bila kutaja aliyeishona, kila mtu aitazame na kusema tatizo lilianzia wapi. Kisha tunaweka iliyotoka vizuri, na hii aliyeishona anatajwa, anasimama na kutueleza alifanya nini hatua kwa hatua. Mara nyingi hajui mpaka aanze kueleza. Mtu aliyekwisha kusimama mara mbili tatu kueleza kazi yake nzuri hupata ujasiri wa kusema wiki inayofuata, "Hii mbaya ni yangu."

Mmoja nikimkemea anaamka, mwingine nikimkemea ananyong'onyea wiki nzima. Huyu wa pili si anadeka tu?

Fundi mwenzangu, hebu tulia kidogo kwenye hili. Tofauti hiyo inaweza kuwa imeshuka mpaka ndani ya ubongo.

Mwaka 2004 Michael Frank na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa unaopunguza dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe, kwenye ubongo. Waliwapa mchezo wa kuchagua kati ya alama mbili. Hakukuwa na maelezo yoyote: unachagua, unaambiwa umepata au umekosa, na taratibu unajua ipi ni nzuri. Waliokuwa hawajameza dawa walijifunza zaidi kuikwepa alama mbaya. Waliokuwa wamemeza dawa inayoongeza dopamini walijifunza zaidi kuifuata alama nzuri. Mchezo ni uleule, ila mmoja anafundishwa na "umekosa" na mwingine na "umepata." Hata kwa watu wasio wagonjwa wapo wanaoelemea huku na wanaoelemea kule.

Sisemi kila mwanagenzi anayenuna ana jambo la dopamini. Ninachosema ni kwamba "sisi tulikemewa na tukajua" si hoja. Waliokemewa wakaacha kazi hawapo hapa kutusimulia.

Mimi nafanya hivi. Kwa anayenyong'onyea, naanza na mshono mmoja alioupatia, naushika kwa kidole, "huu umekaa," kisha namuonyesha ulipoanza kukimbia. Kwa yule anayeamka akikemewa, nampa kosa moja kwa moja, maana sifa kwake zinapita tu. Na kwa wote wawili nakemea kazi. Neno kama "wewe mzembe" halimuonyeshi mtu pa kuweka sindano.

Mwanangu ana mwezi mzima anafunga vifungo na kupiga pasi. Anajifunza au anatumwa?

Wazazi wengi huniuliza hili kwa hasira, na nawaelewa, kwa sababu wapo mafundi wanaowageuza wanagenzi kuwa watumishi wa bure. Ila mpangilio wenyewe una akili kubwa ndani yake.

Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikaa na mafundi cherehani wa makabila ya Vai na Gola huko Monrovia, Liberia, katika miaka ya 1970. Aliona kwamba mwanagenzi hujifunza kwa kurudi kinyumenyume. Nguo hutengenezwa kwa kukata, kushona, kisha kumalizia. Mwanagenzi alianza kwa kumalizia: vifungo, pindo, pasi. Baadaye akashona. Kukata kukaja mwisho. Na aina za nguo nazo zilipanda ngazi, kuanzia kofia na nguo za ndani na za watoto mpaka suti.

Tazama faida yake. Anayefunga vifungo ana nguo iliyokamilika mikononi, kwa hiyo anaijua nguo nzima kabla hajaulizwa kuijenga. Anayeshona vipande vilivyokatwa na mwingine anaanza kuelewa kwa nini mkono una tumbo upande mmoja na umenyooka upande wa pili. Halafu kuna suala la gharama. Kifungo kilichokaa vibaya unakikata uzi, unakirudisha. Pindo unalifumua. Kitambaa kilichokwisha kupitiwa na mkasi hakirudi. Mpangilio huo unamwacha mtu akosee mahali ambapo kukosea ni rahisi.

Sasa jibu la swali lako linategemea kitu kimoja: je, fundi wake anamwambia atazame nini? Kijana anayepiga pasi mashati 40 bila neno lolote amepiga pasi tu. Anayeambiwa, "Leo nitafutie shati ambalo kola yake haijalala, uniambie ni kwa nini," huyo yuko darasani. Nenda ukae kwenye benchi la wateja nusu saa, usikilize. Utajua.

Alifeli hesabu shuleni. Ataweza vipimo?

Ataweza. Mwaka 1985 watafiti watatu huko Recife, Brazili, Terezinha Nunes Carraher na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu watoto wanaouza vitu sokoni. Sokoni, wakipiga hesabu za bei na chenji, walipata asilimia 98. Hesabu zizohizo zilipoandikwa kwa namba tupu kama za darasani, watoto walewale walipata asilimia 37. Kijana anayejua kurudisha chenji ya daladala anajua kutoa. Mpe futi kamba, mpe kiuno cha inchi 32 agawe kwa nne, na mwache afikirie kitambaa badala ya ubao. Baadaye, akishazoea, muonyeshe kwamba alichokifanya ndicho kile kilichomshinda shuleni. Wengine machozi huwatoka.

Ashone sare za shule tupu mpaka mkono uzoee, au nimchanganyie?

Mchanganyie mapema kuliko unavyotamani. Kuna jaribio la Robert Kerr na Bernard Booth la mwaka 1978: watoto wa miaka minane walifanya mazoezi ya kurusha vifuko kulenga alama. Kundi moja lilirusha kutoka futi 3 tu. Jingine lilirusha kutoka futi 2 na futi 4, halikufanya mazoezi ya futi 3 hata mara moja. Siku ya kupimwa kwa futi 3, kundi la pili ndilo lililolenga vizuri zaidi.

Wa sare tupu atakuwa na mwendo mzuri Januari. Mpe hariri Februari uone.

Fundi mwenye miaka 20 kazini si lazima awe bora kuliko wa miaka 5?

Si lazima. Mwaka 2005 watafiti wa Harvard, Niteesh Choudhry na wenzake, walipitia tafiti 62 kuhusu madaktari, wakakuta kwamba katika zaidi ya nusu, kadiri miaka ya kazi ilivyoongezeka ndivyo viwango vilivyoshuka. Na hao ni watu waliosoma sana.

Miaka hufundisha pale ambapo kazi inakurudishia jibu, na jibu linakuja mapema, na linasema kweli. Fundi ambaye wateja wake hujaribu nguo mbele yake anapata jibu kila siku. Anayeshona oda za jumla zinazopakiwa na kusafirishwa mikoani hajui kama suruali zake zinabana mapajani. Anaweza kushona hivyo miaka 20. Ndiyo maana namlazimisha mwanagenzi awepo mteja anapokuja kujaribu, hata kama anaona aibu. Kioo kile ndicho kitabu chake. Na mteja akisema tu "nzuri, asante," namuomba ainue mikono, akae, ainame. Mwili wake utasema alichoona haya kukisema.

Fundi wangu anajua sana lakini hawezi kueleza. "Tazama tu," ndiyo kauli yake. Nifanyeje?

Si choyo, mara nyingi. Mkono una kumbukumbu zake. Mwaka 1953 Henry Molaison, Mmarekani, alifanyiwa upasuaji wa ubongo kutibu kifafa, na tangu hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akitazama mkono wake kwenye kioo. Siku baada ya siku uchoraji wake ulikuwa bora zaidi, na kila siku alisema hajawahi kuifanya kazi hiyo. Ujuzi ulikuwa umeingia bila yeye kuwa na habari.

Fundi wako ana kumbukumbu nzima, lakini mengi ya mkono wake yaliingia kwa mlango huohuo. Ukimuuliza "unafanyaje?" hana jibu. Muulize wakati mkono uko kazini, na uulize kitu kidogo: "Hapo umepunguza mwendo, umeona nini?" Au ushone wewe makusudi mbele yake. Atakaposema "hapana, hapana, si hivyo," maelezo uliyoyatafuta yatamtoka yenyewe. Na umuombe kwa heshima, "Mwalimu, nisahihishe." Wakubwa wengi hawapendi kuhojiwa, lakini kusahihisha hakuna anayekataa.

Mbona waliozoea ndio wanaoacha pasi inawaka na kubadilisha sindano huku mguu uko kwenye pedeli?

Kwa sababu uzoefu umewafundisha kwamba hakuna kitakachotokea, na mara 1,000 umesema kweli. Mwaka 2004 Ralph Hertwig na wenzake walionyesha kwamba anayeijua hatari kwa kupitia mwenyewe huwa analipa tukio adimu uzito mdogo kuliko linavyostahili, tofauti na aliyeelezwa kwa maneno uwezekano wake. Hapa ndipo "la mkuu" linapohitajika. Yapo masomo ambayo uzoefu wako mwenyewe huyaleta ukiwa umeshachelewa, na sindano ya cherehani ya umeme kupita kwenye kidole ni mojawapo. Kwenye hili sina mjadala na mtu yeyote: mguu chini, swichi imezimwa.

Nina miaka 47, nimeacha biashara ya chakula. Nimechelewa?

Hapana, dada. Umekuja na mtaji: unajua kuongea na mteja na kugawa muda kati ya majiko matatu kwa pamoja. Kitakachokusumbua ni aibu ya kusahihishwa na binti wa miaka 22. Wanaokaa mwezi wa kwanza na aibu hiyo bila kuondoka, hubaki.

Kajifunzia mtaani tu. Bila cheti, ujuzi wake unahesabika?

VETA, mamlaka ya Tanzania ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mtu hupimwa kwa kazi anayoiweza, huonyeshwa mapungufu, na akifuzu hupewa cheti. Aende kuulizia kwenye chuo cha VETA kilicho karibu naye.

Akirudi nyumbani jioni nimuulize nini?

"Umejifunza nini leo?" itakupa jibu la "mengi." Muulize leo amefumua nini. Kisha muulize aliona nini kabla ya kukosea, na kesho ataanzaje. Usimpe jibu, hata kama unashona mwenyewe. Na akikuambia wiki nzima hajafumua kitu, njoo unione, maana huenda nampa kazi nyepesi mno.